Nani Anakaanga Jumatano ya Mfungo?

Jua la Agosti limeshaanza kuchoma vigae vya Melissovouni, na Stamatia Vourlioti amefunua paa la turubai la gari lake la manjano ili asikie vizuri. Redio kaizima. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye gia, na kichwa kakiinamisha upande wa kulia, kule chini giaboksi ilikolala, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

"Usiseme neno mpaka tupite kona ya tatu," anamwonya mwandishi aliyebanwa kwenye kiti cha pembeni, magoti karibu na kidevu. Gari hili la mbio lina viti viwili tu, na vyote viwili vilitengenezwa kwa ajili ya watu wembamba.

Kona ya kwanza salama. Ya pili salama. Barabara inapanda katikati ya mizeituni, bonde linazidi kuzama pembeni, na injini inaimba. Kisha, wakiikaribia kona ya tatu, Stamatia anakanyaga klachi ateremshe gia, na akiiachia tu, balaa linaanza. Mlio mzito wa kulalamika unatoka chini ya sakafu. Gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, injini inanguruma kwa nguvu zote lakini gari lenyewe halisogei inavyopaswa. Papo hapo inakuja harufu, tamu na ya moto, harufu ya kitu kilichomo kwenye kikaango.

Stamatia anasimamisha gari pale pale barabarani. Macho yamemtoka.

"Leo siku gani?"

Jumatano, anajibiwa.

"Jumatano," anarudia, na taratibu anaanza kutabasamu.

Stamatia ana miaka hamsini na mbili, na ndiye fundi pekee wa magari hapa Melissovouni, kijiji kilichojibandika kwenye mbavu za mlima Taigeto, kusini mwa Ugiriki. Gereji aliachiwa na marehemu baba yake, pamoja na mashine ya kuinulia magari na wateja ambao miezi ya mwanzo walikuwa wanachungulia mlangoni na kumuuliza fundi yuko wapi. Walizoea wenyewe. Siku hizi anatengeneza trekta, pikapu za kubebea zeituni, na mwezi ukiwa mzuri anabakiwa na euro kama mia tisa baada ya kulipa umeme na kodi.

Kila mwaka, Jumapili inayofuata sikukuu ya Mama wa Mungu, kijiji huandaa mbio za kupanda mlima. Madereva wanatoka Kalamata, Patra, hata Athene, na wanapanda mmoja mmoja kushindana na saa. Kwa miaka karibu thelathini Stamatia alisimama chini kwenye mstari wa kuanzia, mikono imejaa grisi, akiwafungia wengine boneti na kuwapungia.

"Ule mlima nilikuwa naujua kwa masikio," anasema. "Mtu akikosea gia huko juu nilikuwa nasikia. Nilikuwa nasema, jamani, niacheni niende mimi."

Mwaka huu akaamua kweli kwenda. Mwezi wa Juni alishuka Patra akanunua gari lililotumika, la Kijapani, kutoka kwa daktari wa meno aliyekuwa akilifunika shuka kama mgonjwa wake. Akarudi nalo paa likiwa wazi, nywele zimesimama, akapiga honi uwanja mzima wa kijiji. Mama yake, Bi Garoufalia, mwenye miaka themanini na ushee, alitoka mlangoni, akafanya ishara ya msalaba, akalizunguka lile gari, kisha akauliza nusu yake nyingine imeachwa wapi.

Jina la Stamatia likaingia kwenye orodha ya mbio, mwanamke pekee na mkazi pekee wa kijiji. Wiki hiyo hiyo gari likaanza kulia.

Mwanzoni ilikuwa kelele ndogo, kama kifaranga kilichokanyagwa. Ukikanyaga klachi, kinalia. Ukiiachia, kinalia tena. Kijiji kizima kilisikia, maana gari lenyewe halina paa, na kijiji kizima kikawa na jibu. Aliyekuwa na jibu kubwa kuliko wote ni Thrasos, mwenye mgahawa wa kona ya tatu, mtu ambaye hajawahi kufungua boneti maishani mwake na hajawahi kukosa maoni.

"Hiyo ni beringi ya klachi," alitangaza mbele ya meza zote. "Teremsha giaboksi, mama, acha ubishi."

Stamatia hakukubali. Alizima injini, akakanyaga klachi gari likiwa kimya, na kile kifaranga kikalia vile vile. Akawageukia akawaeleza kwamba beringi hupiga kelele inapozunguka, na injini ikiwa imezimwa, pale ndani hakuna kinachozunguka. Kinacholia ni uma wa klachi, kipande cha chuma kilichomo ndani ya ganda la giaboksi. Uma ule umekalia kichwa cha mviringo, na ukikanyaga klachi unabonyea pale kama pembea ya watoto. Pakikauka, panalia. Dawa yake haihitaji kuteremsha giaboksi. Ubavuni kuna kifuniko cha mpira, unapitisha mrija mwembamba, unaweka grisi kidogo mahali pake, umemaliza. Mafundi wote wanajua njia hiyo ya mkato, na yeye alipanga kuifuata.

Jumatatu akalipandisha gari kwenye mashine. Mama yake akaja na kahawa kama kawaida yake, akasimama chini ya gari, akauliza mgonjwa anaumwa wapi. Stamatia akamwonyesha kwa kidole. "Hapa, nyuma ya mpira huu. Pamekauka, panataka kulainishwa kidogo." Kabla hajashika grisi, simu ikalia. Pikapu ya mtu imetumbukia mtaroni njia ya Kalamata. Akaacha kila kitu akaenda kuivuta, akarudi amechoka, akalala.

Jumanne asubuhi akakanyaga klachi. Kimya. Akakanyaga tena. Kimya kabisa, laini kama siagi.

Mtu mwingine angeshukuru. Stamatia alikosa raha. "Kelele ikiondoka bila mimi kuigusa sifurahi," anasema. "Naogopa. Najiuliza imeenda kujificha wapi." Akaamua asitie grisi kwanza, alipeleke mlimani alisikilize. Na huko, kona ya tatu, gari likaja na sauti mpya, ule mlio mzito wa kulalamika, na ule mtetemeko. Harufu ya kukaanga pia ilikuwepo, lakini pale ni kwa Thrasos, na Thrasos hukaanga viazi na ngisi kutwa nzima. Nani angeshtuka?

Kufikia jioni habari zilikuwa zimeenea. Fundi ameshindwa na gari lake mwenyewe. Thrasos alijitolea kulivuta kwa punda wake mpaka kileleni, ili angalau jina lisifutwe kwenye orodha. Stamatia alicheka na wengine. Lakini mteja wake wa siku nyingi alipitisha pikapu yake mbele ya gereji bila kusimama, akaipeleka mjini, na hilo halikumchekesha. Mtu ambaye hawezi kutibu lake, nani atampa la kwake? Ilibaki siku tano tu. Asipopanda Jumapili, hatapoteza mbio tu, atapoteza na wateja.

Ndiyo maana leo, Jumatano, amesimama katikati ya barabara akitabasamu peke yake.

Anaruka mlango bila kuufungua, anaingia mgahawani. Thrasos amekaa anapepea nzi kwa gazeti.

"Unakaanga nini?"

"Mimi?" Thrasos anaweka gazeti chini, ameumia kweli. "Jumatano? Ya mfungo wa Mama wa Mungu? Stamatia, unataka wajane wa kijiji hiki waje kunivunjia vyombo?"

Jiko limepoa. Mezani kuna mkate, zeituni na maharage ya kuchemsha yasiyo na tone la mafuta. Wiki hizi mbili kabla ya sikukuu kijiji kimeacha nyama na maziwa, na Jumatano na Ijumaa hata mafuta hayaguswi. Kuanzia hapa mpaka kileleni hakuna kikaango kimoja kilicho motoni.

Lakini harufu ipo. Thrasos mwenyewe anainua pua, anainusa, anatoka nje akiifuata mpaka kwenye gari la manjano. Stamatia ameshalala chini kwenye lami ya moto, shavu karibu na tairi, na anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Ni wewe unayekaanga," Thrasos anamwambia, ameshika kiuno. "Na hukualika mtu."

Wanashuka mlima taratibu. Wakifika gereji, Stamatia analiinua gari, anausubiri mpira upoe, anauchomoa, anapitisha kidole ndani. Kinatoka kinang'aa. Anakinusa. Hayo si mafuta ya mashine. Ni mafuta ya zeituni, na si yale ya kupikia, ni ya mwaka juzi, yaliyoanza kuchacha, na kwa mbali yana harufu ya mrihani. Melissovouni nzima kuna debe moja tu lenye mafuta ya namna hiyo. Liko chini ya ngazi, nyumbani kwao, na mafuta yake yanatumika kwa kazi moja: kujazia taa inayowaka mbele ya picha ya Mama wa Mungu.

Stamatia anamkuta Bi Garoufalia jikoni akichambua mboga, na mama hata hashtuki.

"Mama, umetia mafuta kwenye gari langu?"

"Nimetia dawa. Wewe si ulisema pamekauka? Mimi nimefanya ulichosema, sikuongeza kitu."

"Umetia kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

Bi Garoufalia anafikiria. "Mpaka likashiba."

Alitumia bomba la sindano analojazia taa. Jumatatu ile ile, Stamatia alipoenda kuvuta pikapu, mama alisimama chini ya gari, mpira uko sawa na uso wake, akabomba mafuta ya Mama wa Mungu mpaka yakaanza kumdondokea begani. Kile kifaranga kikanyamaza. Akaenda zake kulala na amani moyoni. Wala hakujua kwamba ndani mle mafuta yalitapakaa mpaka kwenye sahani ya klachi, ile inayopaswa kuwa kavu kama jiwe la kusugulia ili ishike, na kwamba kila gari lilipopata moto mlimani yalikuwa yanakaangika.

Stamatia alitaka kukasirika. Anasema alifungua kinywa kabisa. Lakini mama yake akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akamtazama usoni.

"Kukuzuia siwezi, umri umenipita na wewe umri umekupita," alimwambia. "Ila huko juu sikutaka uende peke yako. Nani mwingine, zaidi ya Mama wa Mungu, ningempa aende na wewe?"

Hapo, anasema Stamatia, hasira yote ikamtoka miguuni.

Njia ya mkato ilikuwa imekufa. Sahani iliyokunywa mafuta haioshwi, inatupwa, na ili kuitoa lazima giaboksi iteremke. Mchana ule ule aliiteremsha. Thrasos, aliyekuja kutazama, hakuchelewa kukumbusha watu kwamba tangu mwanzo alisema giaboksi iteremshwe, tena alisema mbele ya mashahidi. Stamatia alimpa taa ashike ili anyamaze.

Sahani ilikuwa nyeusi, imeganda utandu wa kunata. Hilo alilitegemea. Akauchomoa na ule uma wa klachi aupanguse apake grisi kabla ya kuurudisha, akaupitishia kitambaa, na kitambaa kikakwama kwenye kitu. Akausogeza kwenye taa. Kwenye shingo ya uma, pale unapokalia kile kichwa cha mviringo, kulikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini umezunguka shingo karibu yote.

Thrasos anasema alimwona akikaa chini sakafuni, bila kuchagua pa kukaa.

Kifaranga hakikuwa kinalia kwa ukavu. Uma ulikuwa unapasuka, na kila ulipobonyezwa, kingo mbili za ufa zilisuguana na uma wote ukakaa upande. Grisi ingenyamazisha kelele hiyo vizuri sana. Stamatia angefuata njia ya mkato, angefurahi, na Jumapili angepanda mlima akikanyaga klachi kila kona kwa nguvu zake zote, mpaka uma ukatike huko juu, gari likiwa limeng'ang'ania gia ya mwendo, mbele yake kona na chini ya kona bonde.

Alitoka na ule uma mkononi, akavuka ua, akaketi kwenye kizingiti cha jiko. Akamweleza mama yake bila kupunguza wala kuongeza. Bi Garoufalia alikipokea kile chuma, akakigeuza, akautafuta ufa kwa ukucha mpaka akaupata.

"Ndiyo maana lilikuwa linalia, maskini," alisema. Kisha akamshika binti yake kichwa akamvuta kifuani, grisi na vyote.

Sasa ikawa mbio nyingine. Ijumaa ni sikukuu yenyewe, na kwa Bi Garoufalia siku ya Mama wa Mungu spana haishikwi hata kama nyumba inaanguka. Jumamosi wakaguzi wa mbio wanapokea magari asubuhi. Kwa hiyo kila kitu lazima kiishe Alhamisi, kabla kengele za ibada ya jioni hazijalia. Stamatia alipiga simu Kalamata, akabembeleza, akatukanana kidogo na mtu wa vipuri ambaye ni rafiki yake wa shule, na Alhamisi basi la mchana likaleta mzigo: sahani mpya, beringi mpya, na uma.

Alifanya kazi bila kula. Thrasos alisaidia kubeba giaboksi kurudi mahali pake, akakubali kwamba ni nzito kuliko maoni yake. Alipomaliza kufunga, Thrasos alikuwa ameshaitwa mgahawani, na Stamatia alihitaji mtu mmoja tu wa kukaa kwenye kiti na kukanyaga klachi, wakati yeye yuko chini na sikio lake kwenye ganda.

Aliyekuwepo ni mmoja. Bi Garoufalia alishushwa ndani ya gari lililokuwa limewekwa juu ya magogo mafupi, akalalamika kwamba kiti kiko chini kama kaburi, akanyoosha mguu wenye ndara.

"Kanyaga, mama."

Akakanyaga.

"Achia. Kanyaga tena. Pole pole."

Alikanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, na ndani mle kukawa kimya. Injini ikawashwa, akarudia, kimya. Stamatia alibaki amelala chini kwenye saruji akisikiliza ule ukimya, hataki kutoka. Kengele za kanisa ndizo zilizomtoa. Na Bi Garoufalia, alipoambiwa sasa ashuke waende ibadani, aliomba akanyage mara moja ya mwisho.

Jumapili Bi Garoufalia hakwenda chini kwenye mstari wa kuanzia. Alijiketisha kwa Thrasos, kona ya tatu, akaipa barabara mgongo.

"Kutazama siwezi," alisema. "Kusikia naweza."

Mfungo umekwisha, jiko linawaka, ngisi wanarushwa kwenye mafuta tangu asubuhi. Gari la manjano lilipoanza kusikika kutoka chini, watu wote walinyanyuka. Lilikuja kwa kasi, likateremsha gia moja, na nyingine, likaikata kona, na wakati ule ule harufu ya kukaanga ikawapiga watu puani. Nyuso zote zikaligeukia gari kwa hofu. Thrasos akatoka mlangoni ameinua kikaango juu ya kichwa.

"Safari hii ni mimi," alisema.

Bi Garoufalia hakugeuka. Alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akaufuata mlio ule kona hadi kona, mpaka filimbi zikasikika kileleni. Ndipo akalia, waziwazi, na akamlaumu Thrasos kwa moshi wa jiko lake.

Stamatia alishika nafasi ya tatu kutoka mwisho. Ukimwangalia uso huwezi kujua. "Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya kofia," anasema. "Miaka thelathini yote hiyo nilikuwa nausikia mlima, sasa na mlima umenisikia mimi." Mteja aliyekimbilia mjini amerudi, anajifanya alikuwa anapita tu. Uma wenye ufa umetundikwa ukutani gereji, na mwakani Stamatia anataka kupita kona ya pili bila kuteremsha gia, jambo ambalo madereva wa Athene wanamwambia haliwezekani.

Kijiji bado kinabishana. Wengine wanasema Mama wa Mungu ndiye aliyeiteremsha giaboksi, wengine wanasema ni bahati. Stamatia habishani na mtu. "Mafuta yale yaliniharibia klachi nzima, hilo nalijua. Na bila yale nisingefungua, hilo pia nalijua. Sasa mnataka nichague lipi?"

Bi Garoufalia naye ana mpango wake. Amekaa na jambo hili, amelifikiria, na ameshaona alipokosea.

"Nilitumia mafuta ya zamani," anasema, akijaza taa taratibu kwa bomba lile lile. "Novemba tunakamua zeituni. Mwakani nitalitilia mapya."